Mnazi Uliopandwa Bila Kitovu

Bi Mwanawema alikuwa shangazi yangu kwa miaka thelathini na nne, kisha siku moja baada ya sala ya Alasiri akawa mkwe wangu. Siku hiyo nilimuoa Zulekha, binti yake wa mwisho, na tangu hapo sikukaa naye tena chumba kimoja.

Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wake. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne, na shangazi akanichukua pale pale msibani. Kazi yake ilikuwa kamba, na mpaka leo ni kamba. Anafukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukweni hapa Tumbe, anayalazia mawe juu, anayaacha miezi hata yaoze. Akiyafukua, harufu yake inamfuata nyumbani, inaingia kwenye kanga, haitoki kwa sabuni. Anayaponda kwa mti mpaka ubaki usumba mtupu, nyuzi za kumbi, anaukausha, halafu anausokota kwa viganja. Kamba ndefu haisokotwi na mtu mmoja. Lazima mwengine ashike ncha, na kwa miaka mingi mshika ncha nilikuwa mimi.

"Shika, usilegeze," alikuwa akiniambia. "Ukilegeza inajikunja kama mkia wa kinyonga."

Nyumba nyingi za udongo kutoka Tumbe mpaka Mgogoni zimefungwa kwa kamba zake. Tulikuwa tukipita njiani, akiona ukuta umebanduka na fito ziko nje kama mbavu, anasimama na kutikisa kichwa. "Udongo hauna kosa," anasema. "Fito hazina kosa. Kamba hiyo." Hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Mimi nilimaliza la saba.

Nilipokua nikawa mchuuzi wa samaki. Nachukua samaki mpwani, nawafunga kwenye baiskeli, nawapeleka Konde na vijiji vya njiani. Wenzangu wanaita kwa sauti. Mimi naona haya, siwezi kuita. Napiga kengele tu, na watu wameshaizoea. Wakisikia kengele bila sauti wanajua ni Silima. Nilizaliwa hivyo. Kitu kikinikaa kooni, nakimeza.

Nilipomuoa Zulekha, shangazi alinunua kanga mpya ya kujifunika uso ninapopita. Hiyo ndiyo adabu ya mkwe kwetu. Nikifika nyumbani kwake nakohoa mlangoni. Yeye anatokea mlango wa nyuma. Sili mbele yake, yeye hacheki mbele yangu. Tukiwa na la kusema, tunalipitisha kwa mwanangu Khairat, hata kama sote tunasikia.

"Khairat, mwambie babako changu walikuwa wazuri."

"Baba, bibi kasema changu walikuwa wazuri."

"Mwambie bibi, ahsante."

Khairat alikuwa akituona wajinga, na pengine kweli. Lakini aliyenifundisha adabu zote nilizonazo ni huyo huyo mwanamke, na hii ya mkwe ilikuwa mojawapo. Nilimpoteza shangazi bila kumzika mtu.

Bi Mwanawema ana desturi yake. Mjukuu akizaliwa, huchagua nazi iliyokwishaota, akaiweka karibu na mlango wa chumba alicholala mzazi. Kitovu cha mtoto kikianguka, siku ya tano, ya saba, anakitia kwenye kifuu, anakwenda nacho uani, anakizika na kupanda mnazi juu yake. Mnazi huo unakuwa wa mtoto. Wa Khairat sasa unampita urefu. Mpaka kitovu kianguke, mtoto hatolewi nje ya kizingiti, na hapo mtu habishani na Bi Mwanawema.

Mwanangu wa pili, Bakar, hakuwa na mnazi. Alifariki hajatimiza siku arubaini. Niliambiwa homa. Nilimpokea mikononi akiwa ameshakafiniwa, nikamzika, na sikuuliza. Nazi yake ilikaa pale mlangoni miezi, halafu siku moja sikuiona tena.

Miaka minne baadaye alizaliwa Haidar. Zulekha alijifungulia kituo cha afya, akarudi siku ya pili nyumbani kwa mama yake, kama kawaida ya wazazi. Nazi iliyoota ikawekwa mlangoni. Siku ya saba tukafanya akika. Mzee mmoja jirani alimnyoa mtoto nywele, na wembe ukamgusa nyuma ya sikio la kushoto, mkwaruzo mdogo kama wa ukucha. Damu ilichelewa kukata, lakini ikakata. Watu walikula wakaondoka, na mimi nikabaki uani nakusanya sufuria. Hapo nikamuona Bi Mwanawema anatoka mlango wa nyuma na jembe na ile nazi. Alichimba, akapanda, akashindilia udongo kwa mguu.

Nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko nikimtazama, na niliona kitu. Hakuwa na kifuu. Mkono mmoja ulishika jembe, mwengine nazi, na kinywa chake hakikutikisika kwa dua. Nilikiona hicho kama ninavyoiona karatasi hii ninayoandikia. Nikabeba sufuria nikaenda zangu.

Siku zikapita. Nilikuwa nikija asubuhi nikitoka mpwani, nakohoa, nasimama nje ya dirisha la chumba. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa kitambaa mtoto asipigwe na upepo. Namsikia Haidar analia ndani.

"Zulekha, vipi?"

"Tupo."

"Mtoto?"

"Kile kidonda cha sikio hakijafunga."

"Kimeoza?"

"Hakina usaha hata tone. Kikavu."

Bi Mwatum, jirani yetu, mwanamke mwenye maneno mengi kuliko nywele, alikuwa ndani akimtazama mzazi. Alidakia kwa sauti ya kunifikia: "Mshukuru Mungu, Silima! Kidonda kikavu ndio kidonda. Ntoto ana damu safi huyu. Wangu mie alikuwa akikwaruzika tu, usaha unamiminika kama uji."

Nikamshukuru Mungu. Sote tulimshukuru. Kwetu kidonda kibaya ni kile kinachotoa usaha, na hiki hakikutoa. Kilikua tu. Wiki ya pili kilikuwa kama punje ya mahindi. Wiki ya tatu kimekula nyuma ya sikio yote, kingo zimekuwa nyeusi, katikati pekundu, na bado pakavu. Mtoto akaanza kuchemka mwili, na vidoa vidogo vyekundu vikamtoka mapajani.

"Tumpeleke Konde kwa daktari," nikasema dirishani.

Nikamsikia Zulekha ananong'ona na mama yake. Kisha Khairat akatoka. "Bibi kasema hatoki mpaka ajaaliwe."

"Ajaaliwe nini? Kitovu si kimeshaanguka?"

Khairat akaingia, akatoka. "Bibi kasema hatoki."

Nilisimama pale na baiskeli yangu, samaki wananing'inia, nzi wamejaa. Mlango ulikuwa hatua nne. Haukuwa na kufuli, ulikuwa na komeo la mti ambalo hata kuku angelisukuma. Mwanangu alikuwa ndani anaungua, mke wangu yuko ndani, na mimi niko nje, na kilichonizuia hakikuwa mti wala chuma. Kuingia chumba alichomo mkwe wangu, na mzazi amelala, na kusema "nipeni mtoto"! Mguu haukunyanyuka. Nikaenda Konde. Siku hiyo kengele yenyewe sikuipiga, nikarudi na samaki wangu.

Ilikuwa hivyo siku tisa. Watu watatu chumbani, mmoja dirishani, na kidonda.

Siku ya thelathini na mbili mlango ulifunguliwa bila mimi kuomba. Bi Mwanawema alimtoa mtoto amemfunga kwa kanga mbili, akampa Zulekha, akajifunika uso, akasema, "Khairat, mwambie babako atafute gari." Nilidhani ni homa imemshinda. Sikujua kwamba asubuhi hiyo kulikuwa na kitu kingine kimetokea.

Konde walitupeleka mbele, na huko wakatupeleka mbele zaidi, mpaka tukajikuta kwenye meli na kisha kwenye hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Tulikwenda wanne: Zulekha, mtoto, mkwe wangu na mimi. Khairat alibaki kwa Bi Mwatum. Wanawake wakawekwa wodini. Wanaume hawaruhusiwi ila saa ya kutazama wagonjwa, kwa hiyo mimi siku nzima nilikaa kwenye benchi la nje, nyuma ya wavu, nikihesabu madirisha ya ghorofa ya tatu.

Daktari wetu alikuwa mwanamke wa Unguja, Daktari Nahla, kijana, mwembamba, anatembea haraka. Siku ya kwanza aliniita pembeni akaniuliza maswali mengi. Akaniuliza, "Kitovu kilianguka siku ya ngapi?" Alikuwa amemtazama mtoto, na penye kitovu palikuwa bado pabichi.

"Siku ya saba," nikasema.

"Una hakika?"

"Nimeuona mnazi," nikasema. Akanitazama. Nikamweleza desturi yetu. Akatabasamu, akaandika saba.

Wiki mbili walihangaika. Dawa za kuua vijidudu zilishusha homa, lakini kidonda hakikubadilika. Daktari Nahla alisema jambo la ajabu: chembe nyeupe za damu, zile askari zinazopigana na vijidudu, hazikuwa pungufu. Zilikuwa nyingi mara tano kuliko za mtoto yeyote pale. Damu imejaa askari, na kidondani hamna hata mmoja. Usaha, alisema, ndio askari waliokwisha kufika na kufa kazini. Pasipo na usaha, hawakufika.

Niliposikia hivyo nilikumbuka shukurani zetu pale dirishani.

Kwa kuwa chembe zilikuwa nyingi kiasi hicho, walianza kuhofia saratani ya damu. Walimchoma sindano ya mfupani kupata uboho wa kupima, na pale palipochomwa damu ilitoka nusu siku. Daktari Nahla akasema Jumatatu madaktari wakubwa watakaa wafikirie kumuanzishia dawa kali. "Ni dawa ambazo zinaweza kumuondoa yeye kabla ya ugonjwa," akasema. "Kuna ugonjwa mwengine nilikuwa nikiufikiria, nadra sana. Lakini ule kitovu chake hukaa mwezi hakianguki. Cha kwenu kimeanguka siku ya saba."

Hayo alituambia Ijumaa, saa ya kutazama wagonjwa. Mimi nimesimama mwisho wa kitanda nikitazama sakafu. Zulekha amempakata mtoto. Bi Mwanawema alikuwa upande wa pili, amegeuka, kanga usoni, na mikononi ana usumba wake. Alikuwa amekuja nao kutoka Tumbe kwenye mfuko, na siku zote hizo alikuwa akisokota vipande vifupi visivyo na kazi, kwa sababu hakuna wa kumshikia ncha. Nikaona mikono imesimama.

"Daktari," akasema. "Mwambie huyu mume wa mwanangu atoke."

Nikaanza kutoka.

"Kwa nini atoke?" akauliza Daktari Nahla. "Ni baba wa mtoto. Abaki."

"Ni mkwe wangu, mwanangu. Ninalotaka kusema halisemeki mbele yake."

"Bi mkubwa, mimi mwenyewe nina mkwe. Sema tu."

Bi Mwanawema akageuka kabisa, akaelekeza uso ukutani, penye rangi ya kijani iliyochubuka. "Basi n'tasema na huu ukuta," akasema. "Weye sikiliza, na yeye akisikia, kasikia mwenyewe."

Akaueleza ukuta.

"Ule mnazi hauna kitu chini. Nimeupanda ntupu. Siku ya saba watu wamejaa uani, kitovu kimeshika kama kimetiwa gundi, na Mwatum keshaanza kuuliza. Alipozaliwa yule aliyemtangulia, Bakar, kitovu hakikuanguka. Kafa nacho. Siku thelathini na tisa. Wakanena mwanangu kafanyiwa, wakanena tumbo lake lina shetani, huyu mume ataoa mwengine. Sikutaka yarudi. Nikapanda mnazi wafunge midomo. Nikamfungia ntoto ndani, nikanena hatoki mpaka kianguke, mana akitoka nacho wataona. Kimeanguka siku ya thelathini na mbili, alfajiri. Hiki hapa."

Akafungua pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na kijitambaa, na ndani ya kijitambaa kitu kikavu, cheusi, kama kipande cha mzizi.

Zulekha alikuwa analia bila sauti. Alikuwa anajua siku zote hizo, na alikuwa amefungwa na mama yake kama mimi nilivyofungwa na haya zangu. Nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa na neno langu mdomoni na lilikuwa linataka kushuka kama kawaida. Lakini Jumatatu ilikuwa karibu.

"Na mimi niliona," nikasema. "Shangazi, niliona. Mkono wako ulikuwa mtupu. Nilikuwa nyuma ya jiko. Nikamwambia daktari saba na huku nimeona."

Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia uso kwa uso, au uso kwa kisogo, kwa miaka kumi na miwili. Neno shangazi lilinitoka bila kuliita.

Bi Mwanawema aliuambia ukuta, "Yarabi. Tumemzunguka ntoto na haya zetu, kila ntu upande wake."

Daktari Nahla hakutugombeza. Alichukua faili, akakata ile saba, akaandika upya. Mkono wake ulikuwa unakwenda mbio. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na Bi Mwanawema, na akakiona kile kipande cha kamba.

"Bi mkubwa, unafanya nini na kamba?"

"Zinafungia nyumba."

"Basi nitakueleza wewe kwanza." Akatandaza kiganja. "Damu inapita kwenye mishipa kama maji kwenye mfereji. Chembe nyeupe zinabingirika ndani yake, kando kando ya ukuta wa mshipa. Kukiwa na kidonda, ukuta wa mshipa unatoa alama: hapa. Chembe ikifika hapo inatakiwa ishike ukuta, isimame, ijibane ipenye nje, iende kidondani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Hizi za kwetu hazishuki."

"Hazishuki. Sasa, chembe moja ni kama nyumba ya udongo. Nje ina ngozi, nyembamba sana. Ndani ina fito zake, ndizo zinazoipa umbo na nguvu ya kwenda. Kwenye ngozi imetokeza mikono midogo ya kushikia. Na mkono huo ili uwe na nguvu, lazima kwa ndani ufungwe na fito. Kinachofunga ni protini. Ndiyo kamba."

Bi Mwanawema alikuwa ameshasahau kujifunika. Uso wake ulikuwa wazi, umegeuka, na nilimuona kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alikuwa amezeeka.

"Na kamba ikiwa hamna," akasema, "mkono ukishika, ngozi ndiyo inayovutika. Fito ziko mbali huko. Kitu kitaponyoka."

"Kitaponyoka, kitaendelea kubingirika na damu. Ndiyo maana zinajaa mle ndani. Zinatengenezwa nyingi, zinapelekwa, zinapita mbele ya kidonda, haziwezi kutoka."

"Zimefungiwa."

"Zimefungiwa. Hata kitovu kuanguka kunataka chembe hizo zije zikitafune kwenye shina. Na hii damu isiyokata, inatokana na hiyo hiyo. Kwenye damu kuna vigandishi, navyo vinatumia kamba hiyo kushikana."

Bi Mwanawema akafikiri. "Kuna nyumba mbili," akasema. "Moja haina mikono, nyingine mikono ipo haikufungwa. Hii ni ipi?"

Daktari Nahla akamtazama. "Umesoma wapi wewe?"

"Topeni."

Hilo ndilo walilolipima. Jumatatu wakubwa walikaa na dawa kali hazikuanzishwa. Kipimo cha mashine kilionyesha mikono ipo, mingi tu. Damu ikapelekwa nje ya nchi, na baada ya wiki sita majibu yakarudi: protini ya kufunga mkono na fito, haipo. Mikono haikufungwa. Wiki hizo sita tuliishi mule mule, wao juu, mimi nyuma ya wavu. Mtoto aliwekwa chumba cha peke yake, mlango haufunguliwi ovyo, anayeingia anaosha mikono mpaka viwiko. Haidar alijifunza kucheka kwa watu wenye vitambaa usoni.

Tuliambiwa pia inakotoka. Mimi nimebeba upungufu nusu, Zulekha nusu, kutoka kwa babu mmoja, na kila nusu peke yake haimdhuru mtu. Zikikutana kwa mtoto, anakosa kamba yote. Bi Mwanawema aliposikia hivyo hakula siku mbili. "Mie ndiye niliyewaozesha," alimwambia daktari. "Nilinena damu moja haitupani."

"Hukujua," akasema Daktari Nahla.

"Sikujua. Lakini ndie mie."

Dawa ilikuwa moja tu: kiwanda chenyewe cha damu, uboho, kibadilishwe, atiwe wa mtu mwengine anayefanana naye. Wakapima sote. Mimi sikufaa, Zulekha hakufaa. Khairat aliletwa kwa meli na Bi Mwatum, amevaa viatu vya Idi, akatoa damu bila kulia, na akafaa. Akamwambia bibi yake, "Sasa kamba zangu atapewa Haidar?" Bibi akamwambia, "Utampa mbegu yake, zako zitabaki." Mipango ya safari ya kwenda kutibiwa nje ya nchi ikashughulikiwa na hospitali, nao wakaondoka watatu, Zulekha na watoto wake wawili, kwa ndege, wakati Haidar ana miezi minane. Kidonda cha sikio kilikuwa kingali wazi.

Sisi wawili tukarudi Tumbe.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Nyumba moja, ua mmoja, mkwe na mkwe, bila Khairat wa kupitisha maneno. Simu ilikuwa yangu, na yeye simu yake iliharibika kwa chumvi ya mpwani. Kwa hiyo ilinilazimu nikae karibu naye, kwani Zulekha akipiga ilikuwa lazima sote tusikie. Nikaacha kwenda Konde. Siku tatu za kwanza mimi nilikaa barazani, yeye jikoni, simu kwenye kinu katikati. Wakasema mtoto amepewa dawa za kuua uboho wake wa zamani. Wakasema ametiwa wa Khairat. Wakasema sasa ni kusubiri, chembe zake zote zimeisha, mwili hauna kinga kwa siku chache, maana hana askari hata mmoja, yuko ndani ya chumba cha kioo. Siku ya kumi. Siku ya kumi na tano. Homa. Ule mnazi uani ulikuwa umenyauka kuti moja, na hakuna kati yetu aliyekuwa akiutazama.

Siku ya kumi na tisa, asubuhi, Bi Mwanawema alitoka na fungu la usumba, akaketi chini uani. Akaanza kusokota. Kamba ilipofika urefu wa mkono ikaanza kumsumbua. Aliikanyaga kwa kidole cha mguu, ikaponyoka. Akaifunga kwenye mguu wa kinu, kinu kikasogea na simu juu yake.

Akaniita bila kuinua uso. "Silima. Njoo ushike ncha."

Nikaenda nikaketi mbele yake, nikashika. Mikono yangu ilikumbuka yenyewe.

"Usilegeze."

"Silegezi."

Tulisokota hivyo kwa muda, yeye akirudi nyuma kidogo kidogo. Kanga ilikuwa mabegani mwake. Alisema, "Ulikuwa nyuma ya jiko, ukaniona, ukanyamaza."

"Niliona haya, shangazi."

"Mie ndiye niliyekufunza." Akasokota. "Nilikufunza vibaya."

Simu ikalia juu ya kinu. Niliipokea, nikaiweka kwenye spika sote tusikie. Kwanza ulikuwa mvumo tu, halafu Zulekha, anazungumza na kulia pamoja, sikumuelewa.

"Sema taratibu, mwanangu!" akapiga kelele Bi Mwanawema. "Yu hai?"

"Sikio, mama! Sikio limetoa usaha!"

"Nini?"

"Usaha! Leo asubuhi nimefungua bandeji, usaha mzito, wa manjano! Daktari kaja mbio, kawaita wenzake wote, wanacheka! Zimetoka, mama. Zimeshuka!"

Bi Mwanawema alisimama. Alitia mkono mdomoni akapiga kigelegele, kirefu, halafu cha pili, halafu cha tatu, mpaka kuku wakatawanyika. Bi Mwatum akachungulia juu ya ua wa makuti.

"Kuna harusi gani huko asubuhi yote hii?"

"Mjukuu wangu katunga usaha!"

"Katunga nini?"

"Usaha, Mwatum! Usaha kama uji!"

"Audhubillahi," akasema Bi Mwatum, "huyu keshaharibikiwa," na akaja mbio kwa mlango wa nyuma, naye akaanza kupiga vigelegele kabla hajaelezwa.

Mimi nilikuwa bado nimeketi chini. Nilipotazama mikono yangu niliona nimeiachia ncha. Kamba ya asubuhi nzima ilikuwa imejikunja yote kwenye mchanga. Bi Mwanawema aliiona, akaniona mimi, na hakunigombeza. Alikuwa anafungua pindo la kanga yake, lile lile, akitafuta kile kijitambaa.

"Lete jembe," akaniambia.